Sheria ya bwawa na grupu ya Kasongo

Najua wako watakaocheka. Kasongo na Kabambare, nani ana bwawa la kuogelea uani? Sisi ni mto, kisima na ndoo. Lakini kile kifaa ambacho mafundi wetu wanaita diferansieli kiliingia katika sheria za Marekani kwa mlango wa mabwawa ya nyumbani, na historia yake inatugusa.

Baada ya vita ya pili ya dunia, Wamarekani wengi walijenga mabwawa nyumbani, wakaweka taa ndani ya maji. Ngozi iliyolowa inapitisha umeme upesi. Fyuzi haisaidii hapo: yenyewe inalinda waya usiungue, haijui kama kuna mtu. Mwaka 1962 kitabu cha kanuni za umeme cha nchi ile kikapata sehemu ya pekee juu ya mabwawa, sehemu ya 680.

Wakati huo huo profesa Charles Dalziel, huko Berkeley, California, alikuwa amewapima watu waliojitolea zaidi ya mia moja. Alitaka kujua ni umeme kiasi gani unaofunga mkono mpaka mtu hawezi kuachia waya. Kwa wanaume alipata wastani wa miliampea 16, kwa wanawake 10 na nusu. Linganisha: taa ya wati 60 kwa volti 220 inakula karibu 270! Mwaka 1961 akabuni kifaa kinacholinganisha umeme unaokwenda na ule unaorudi. Kama kuna kidogo kimepotea njiani, labda kimepita katika mwili wa mtu, kinakata mara moja.

Sheria ikakifuata polepole. Mwaka 1968 taa za ndani ya bwawa, 1971 plagi za karibu na bwawa, 1975 bafu. Ni vile kanuni ya matajiri iliingia katika nyumba ya kila mtu.

Na sisi? Miaka ile ile tulikuwa na mambo mengine. Mwaka 1964 Simba walipita Kabambare na Kasongo wakielekea Kindu, na mnasikia wazee wanavyousimulia mwaka ule. SNEL ikaundwa 1970. Sheria ya tarehe 17 Juni 2014 ikafungulia watu binafsi biashara ya umeme. Lakini kile kilichofika kweli katika parcelle zetu ni grupu na paneli za sokoni. Kitabu cha kanuni hakikuja ndani ya katoni.

Hapa njo fasi inayonisumbua. Kanuni za mabwawa ziliandikwa kwa umeme wa mtandao, ambao waya wake mmoja, neutri, umefungwa kwenye udongo. Grupu ndogo nyingi hazijafungwa hivyo. Fundi mmoja kijana wa Kasongo alinionyesha kazi yake: grupu moja, nyumba mbili, waya mrefu chini ya migomba, pampu kisimani, na diferansieli mpya ya miliampea 30 pembeni ya grupu. Akabonyeza kitufe cha kujaribu. Kikakata vizuri.

Lakini kitufe kile kinajaribu kifaa tu, hakijaribu udongo. Tuseme neutri imechubuka katika nyumba ya pili na inagusa ardhi yenye maji, halafu pampu ya nyumba ya kwanza inavuja umeme. Mama anayeshika pampu akiwa pekupeku atapitisha umeme kwenda udongoni, nao utarudi kupitia ule mchubuko, wote mbele ya diferansieli. Kinachotoka na kinachorudi ni sawa sawa. Hakitakata.

Yule kijana alinyamaza, akauliza tu chuma cha udongo kinachimbiwa urefu gani. Nilimwambia jibu linategemea udongo wenyewe: lazima kipimwe, na neutri ya grupu ifungwe pale pale kabla ya diferansieli. Chombo cha kupimia, yeye hana. Anaulizia kwa mafundi wa Kindu.