Waini inakaukaje? Zabibu za Dodoma na swali la Korogwe

Pale Korogwe, dukani karibu na stendi, niliulizia waini nyeupe kavu ya Dodoma. Mwenye duka akacheka: "Dada, waini inakaukaje na imo kwenye chupa?"

Swali zuri, tulijibu. Hamira ya waini ni jamii moja na ile ya maandazi. Hula sukari ya zabibu na kutoa alkoholi. Juisi yenye gramu 200 hivi za sukari kwa lita, hamira ikiimaliza karibu yote, hutoa waini yenye alkoholi asilimia 12 hivi. Basi "kavu" maana yake sukari imeisha. Ikibaki nyingi, waini ni tamu.

Sasa historia. Kilimo cha zabibu Dodoma huanzia kwa wamisionari Wakatoliki waliopanda Bihawana mwaka 1957. Misa inahitaji divai, na wengi wetu tulikutana nayo kwanza kanisani au harusini: nyekundu, tamu. Tukadhani ndiyo waini yote.

Kwa nini isiwe Handeni au Korogwe, ambako wazee walijua zaidi pombe ya miwa? Huku tuna vuli na masika, na unyevu hulea ukungu unaoshambulia majani na matunda. Dodoma hupata milimita 600 hivi tu za mvua kwa mwaka, karibu zote kati ya Desemba na Aprili. Tena iko nyuzi 6 kusini mwa ikweta, haina baridi ya kuulaza mzabibu kama Ulaya. Mkulima akiupogoa, unachipua tena, kwa hiyo anavuna mara mbili kwa mwaka.

Zabibu nyeupe inayolimwa sana kule ni Chenin Blanc, yenye asili ya Ufaransa. Sifa yake ni ukali wa ndimu, lakini joto huupunguza haraka. Ukichelewa kuvuna, waini inapooza.

Hapo ndipo shida ilipo. Zabibu iliyoiva haisubiri: mnunuzi asipokuja ndani ya siku chache, inaoza. Na mnunuzi hufuata midomo yetu. Tukijua waini tamu tu, mkulima wa zabibu nyeupe ana mlango mmoja mwembamba wa kuuzia.

Safari iliyofuata nilimpelekea yule mama chupa moja kutoka Dodoma. Akaonja, akakunja uso, akaonja tena.

"Kali hii. Ila kwa perege wa kukaanga, mh, itafaa."