Kigango Si Pambo la Sebuleni

Wadau, mnanijua kwa jeshi langu la mifupa: visanamu vya plastiki vya mchezo wa vita wa mezani, kimo cha kidole gumba, kila kimoja nimekipaka rangi mwenyewe. Lakini huku Kilifi wafu walichongwa na kupakwa rangi kabla hiyo plastiki haijakuwepo.

Hivyo ni vigango. Mzee wa Kigiriama aliyekuwa kwenye chama cha Gohu akifa, jamaa zake humchongea kigango cha mti mgumu: kichwa cha duara, kiwiliwili bapa chenye pembetatu za rangi, kisha hufungwa vitambaa. Koma yake hukaa hapo. Kikishasimamishwa, hakihamishwi. Askari wangu akipotea nanunua mwingine. Kigango ni babu ya mtu.

Sasa cheki. Mwaka 1985 mtafiti Monica Udvardy alimpiga picha mzee mmoja na vigango viwili vya nduguze. Haikupita muda, vikaibwa. Kimoja kilipatikana Illinois State Museum, kingine Hampton University Museum, huko Marekani. Hadi 2007 ndipo vyote viwili vikawa vimerudi. Makumbusho ya Denver nayo ilikuwa na 30. Vilifika Kenya 2019.

Tuwalaumu wanunuzi, sawa. Lakini vigango havikujing'oa. Kuna vijana wa huku huku waliong'oa wakawauzia wenye maduka ya watalii, kisa njaa. Njaa naijua, ila babu hauzwi. Ukiletewa dili hiyo hapo Malindi, kataa, halafu waambie wazee.