Historia: Namna maji ya mwili yalivyokuwa kipima joto cha waganga

Mama akichemsha mihogo huichoma kwa kisu ili ajue kama imeiva hadi ndani. Munganga anayetibu uvimbe kwa joto hana njia hiyo. Joto likiwa kidogo, ugonjwa unabaki. Likizidi, linaunguza nyama isiyo na ugonjwa. Kwa miaka mingi hilo ndilo lililowafunga waganga mikono.

Katika miaka ya 1950, huko Illinois, Marekani, ndugu wawili, William na Francis Fry, walitumia mawimbi ya sauti kuchoma sehemu ndogo za ubongo. Ni mawimbi ya aina ile ya ekografia ya mama mjamzito, ila yana nguvu zaidi na yanakutanishwa mahali pamoja. Ilibidi kwanza kipande cha mfupa wa kichwa kiondolewe. Na joto la ndani halikuonekana wakati kazi ikiendelea.

Jibu lilikuwa ndani ya maji. Mwaka 1966 mtafiti J. C. Hindman alionyesha kwamba maji yaliyowekwa kwenye sumaku kali hutoa alama inayobadilika kadiri yanavyopata joto. Mabadiliko ni madogo sana: kwa kila digrii moja, karibu sehemu moja kwa milioni mia moja. Wakati huo mashini ya IRM haikuwepo bado. Ni mwaka 1973 Paul Lauterbur alipotangaza picha za kwanza za namna hiyo, za mirija miwili midogo yenye maji.

Mwaka 1995 Ishihara na wenzake wa Japani waliunganisha mambo hayo mawili. IRM inapiga picha kabla ya kuchoma, kisha nyingine wakati wa kuchoma. Tofauti ya picha hizo inaonyesha joto limepanda digrii ngapi, na wapi.

Huko Boston, Ferenc Jolesz na Kullervo Hynynen waliifanya kuwa kazi ya hospitali. Kwanza wanapasha joto kidogo lisilodhuru, wanatazama kama limefika mahali panapotakiwa, ndipo wanaongeza nguvu.

Mipaka ipo. Mafuta ya mwili hayatoi alama hiyo, na ini, linalosogea kila mgonjwa anapovuta pumzi, ni gumu kupima kuliko ubongo uliotulia.

Mwaka 2004 Marekani iliruhusu njia hii kwa uvimbe wa kizazi usio kansa, ambao wanawake weusi huupata zaidi kuliko wengine. Mwaka 2016 ikairuhusu kwa ugonjwa wa kutetemeka mikono. Siku hizi mgonjwa huyo analala ndani ya IRM akiwa macho, anaongea na munganga, na mkono wake unapimwa kila baada ya kuchoma. Mfupa wa kichwa haufunguliwi tena.