Pugu: Kilima cha Mahujaji na Barabara Iliyobadilishwa Jina

Anayetoka katikati ya jiji kwenda Pugu hufuata barabara ndefu yenye jina la Nyerere. Huipita Tazara, huupita uwanja wa ndege, hushuka Gongo la Mboto kubadili daladala, kisha ardhi huanza kuinuka na joto la pwani hupungua kidogo. Wazee wa Temeke na Ilala hawakuizoea sana lugha ya vibao vipya. Kwao hiyo ni Barabara ya Pugu, kama ilivyoitwa zamani. Nitarudi kwenye jina hilo, kwa sababu historia ninayotaka kuisimulia leo imo humo.

Mwaka mmoja, wakati wa Kwaresima, niliongozana na kundi la mahujaji kutoka parokia moja ya Kinondoni. Wengi walikuwa akina mama wenye rozari mkononi na chupa za maji begani, na vijana wa kwaya waliokuwa wakiimba tangu alfajiri. Tulipokaribia kilimani tulipishana na malori ya ng'ombe yaliyokuwa yakielekea mnadani, maana Pugu hiyohiyo ndiyo inayoilisha Dar es Salaam nyama. Nilimwuliza mama mmoja tunakwenda kumhiji nani. Akanijibu bila kusita kwamba tunakwenda walikomwaga damu watu waliotuletea imani. Jibu lake lilikuwa la kweli. Lakini mimi ni mwalimu, na kazi yangu hunizuia kuridhika na jibu la kweli ambalo halijatimia.

Tuanze na watu wenyewe. Mwaka 1884 padri Andreas Amrhein alianzisha huko Ujerumani jumuiya ya kimisionari ya Kibenediktini, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la makao yake, St. Ottilien, katika Bavaria. Kuchagua mwaka ni bahati ya historia; ni mwaka huohuo ambapo Carl Peters alikuwa akizunguka Usagara, Nguru, Useguha na Ukami akikusanya misalaba ya wazee chini ya karatasi ambazo hawakuzielewa. Wakatoliki wa Ujerumani walikuwa na sababu zao za kutaka misheni. Bismarck alikuwa ametoka kupambana na Kanisa lao kwa miaka mingi, na wengi walitamani kuonyesha kwamba Mkatoliki naye ni Mjerumani kamili. Upande wa pili, wakubwa wa koloni hawakufurahi kuona misheni za Kikatoliki za pwani zikiwa mikononi mwa Wafaransa. Mahitaji hayo mawili yakakutana. Novemba 1887 kundi la kwanza la Wabenediktini, likiongozwa na Padri Bonifatius Fleschutz, liliondoka kuja Afrika Mashariki, na mwaka 1888 wakajenga Pugu, katika nchi ya Wazaramo, takriban kilomita 20 kutoka bandari ya Dar es Salaam.

Walichagua kilima kizuri. Wakati walioanza kujenga haukuwa mzuri hata kidogo.

Aprili 1888 Sultani Khalifa wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kuikabidhi Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki utawala na ushuru wa ukanda wa pwani. Agosti ilipofika, maofisa wa Kampuni waliingia mijini wakipandisha bendera yao, wakidai kodi na hati za ardhi, na kuwavunjia heshima wenyeji kwa namna ambayo hata Sultani hakupata kuithubutu. Pangani ikawaka, na moto ukashuka pwani hadi kusini. Jina linalokumbukwa ni la Abushiri bin Salim, mwenye shamba la miwa karibu na Pangani, lakini vita havikuwa vyake peke yake. Walikuwamo mamwinyi waliopoteza hadhi, wafanyabiashara waliopoteza misafara, wapagazi, na watu wa bara waliokuwa na madai yao wenyewe.

Tarehe 13 Januari 1889 wapiganaji walifika Pugu. Bradha Petrus Michl, Bradha Benedikt Kantwerg na Sista Martha Wansing waliuawa. Wengine walitekwa, na baadaye wakakombolewa kwa fidia. Misheni ikachomwa moto. Ulikuwa umepita mwaka mmoja hivi tu tangu wamisionari hao wakanyage pwani yetu.

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji avumilie swali gumu. Kwa nini Pugu? Bagamoyo kulikuwa na misheni kubwa zaidi, ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, iliyoanzishwa mwaka 1868, yenye mashamba, shule na kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Vita viliuzunguka mji ule, nyumba nyingi zikaangamia, lakini misheni haikuguswa. Maelfu ya watu walikimbilia humo, na mapadri wake waliweza kuingia kambini kwa Abushiri na kuzungumza naye. Kama vita vingekuwa dhidi ya msalaba, msalaba wa Bagamoyo ulikuwa mrefu zaidi na ulikuwa karibu zaidi. Tofauti ni kwamba watu wa Bagamoyo waliwafahamu mapadri wao kwa miaka ishirini, na waliwafahamu kama Wafaransa. Wale wa Pugu walikuwa wageni, Wajerumani, walioingia nyuma ya Kampuni na chini ya kivuli chake.

Kulikuwa na sababu nyingine isiyopendeza kuisema. Miongoni mwa waliokuwa wakiishi misheni walikuwamo Waafrika waliotolewa katika majahazi ya watumwa yaliyokamatwa baharini na kukabidhiwa kwa wamisionari. Kwa wenye watumwa, hiyo ilikuwa mali iliyoporwa. Basi wale tunaowaita wapigania uhuru wa mwanzo wa pwani walikuwa wakipinga wavamizi, na baadhi yao, kwa pumzi ileile, walikuwa wakitetea haki ya kummiliki binadamu. Vitabu vyetu vya shule hupenda kutaja la kwanza na kulinyamazia la pili. Mahubiri hupenda kinyume chake.

Habari za Pugu ziliposikika Ulaya zilikuta ukumbi umeshaandaliwa. Kardinali Lavigerie alikuwa akizunguka miji ya Ulaya akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa, na Bismarck, ambaye hakuwa na mapenzi na Wakatoliki wala na watumwa, aliona mlango. Katika majuma hayohayo ya mwisho wa Januari 1889, Bunge la Ujerumani liliidhinisha mark milioni 2 kwa ajili ya kukomesha biashara ya utumwa na kulinda maslahi ya Kijerumani Afrika Mashariki. Wakatoliki bungeni waliunga mkono. Hermann Wissmann akaja na jeshi la mamluki, wengi wao Wasudani, na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani. Damu ya mabradha wawili na sista mmoja, wapende wasipende, ilikuwa imeingizwa katika hesabu ya ununuzi wa koloni.

Ndiyo maana siwezi kuilinganisha Pugu na Namugongo, ingawa mahujaji wengi huzitaja pamoja. Mashahidi wa Uganda, wale 22 waliotangazwa na Papa Paulo VI mwaka 1964, walikuwa Waafrika waliouawa kwa amri ya kabaka wao wenyewe kati ya 1885 na 1887, na kila tarehe 3 Juni Uganda nzima hupumzika kwa ajili yao. Wafu wa Pugu walikuwa wageni katika vita vya kuwapinga wageni. Imani yao siitilii shaka. Sista aliyeiacha Ujerumani kuja kufa kilimani Uzaramo hakuja kutafuta hisa za Kampuni. Lakini hatuchagui bendera ambayo mauti yatatukuta chini yake.

Tena nasikitika kwamba katika masimulizi niliyoyasikia siku ile kilimani, majina matatu yalitajwa kwa heshima inayostahili, na waliotolewa majahazini hawakutajwa hata kwa wingi wao. Nao walikuwa Pugu asubuhi ile.

Wabenediktini walirudi, lakini kitovu chao kilihamia mjini, walikojenga Kanisa Kuu la Mtakatifu Yosefu kati ya 1897 na 1902, kisha nguvu zao zikaelekea kusini, Peramiho na Ndanda. Pugu ikabaki na msitu wake, na reli iliyopita jirani kuelekea Morogoro.

Kilichoirudisha katika historia ni shule. Katika Chuo cha Mtakatifu Fransisko, Pugu, alifika mwaka 1953 mwalimu mmoja aliyetoka kusoma Edinburgh, Julius Kambarage Nyerere. Mwaka huohuo alichaguliwa kuwa rais wa Tanganyika African Association, na kuanzia hapo maisha yake yakagawanyika kati ya ubao wa darasani na mikutano ya mjini. Alikuwa akiteremka kutoka Pugu mwishoni mwa juma, mara nyingine kwa miguu, hadi Kariakoo, na mlango aliobisha ulikuwa wa Abdulwahid Sykes na wenzake, wengi wao Waislamu wa mji. Fikiri jambo hilo kidogo. Njia iliyopandwa na wapiganaji waliokwenda kuichoma misheni ndiyo iliyoteremkwa na mwalimu wa misheni kwenda kukaa mkekani na watu wa Kariakoo, na Julai 1954 TANU ikazaliwa. Machi 1955, aliporudi kutoka Umoja wa Mataifa, alitakiwa kuchagua. Akaacha kazi.

Benjamin Mkapa naye alisoma hapo katika miaka hiyo. Shule za dini zilipotaifishwa baada ya Azimio la Arusha, jina la mtakatifu liliondoka, ikawa Shule ya Sekondari Pugu. Barabara nayo ikapewa jina la mwalimu aliyeitembea, naye sasa ni Mtumishi wa Mungu, kwa mchakato uliofunguliwa na Jimbo la Musoma. Kila mwaka tarehe 1 Juni wako Watanzania wanaosafiri hadi Namugongo kumwombea.

Siku ile, ibada ilipokwisha, nilimweleza yule mama wa Kinondoni kwamba Nyerere alifundisha hatua chache kutoka tulipokaa. Alistaajabu, alikuwa amekuja Pugu mara tisa. Akaniuliza kama alikuwa akipita njia ileile tuliyopita sisi. Nikamwambia ndiyo, ila yeye alikuwa akiteremka. Akafunga kanga yake vizuri, akasema basi leo hapandi daladala mpaka Gongo la Mboto, na vijana wawili wa kwaya wakamfuata.