Live at the Rainbow

Live at the Rainbow ni filamu ya tamasha la Bob Marley na bendi yake, The Wailers, lililofanyika katika ukumbi wa Rainbow, mtaa wa Finsbury Park, London. Bendi ilipiga kwa usiku nne, kuanzia tarehe 1 hadi 4 Juni 1977, na picha zilichukuliwa usiku wa mwisho. Mwongozaji alikuwa Keef. Pamoja na umri wake, filamu hii bado ni mojawapo ya kumbukumbu bora za reggae jukwaani.

Usuli

Tarehe 3 Desemba 1976 watu wenye silaha walivamia nyumba ya Marley katika barabara ya Hope, Kingston, wakamjeruhi yeye, mkewe Rita na meneja wake Don Taylor. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani katika tamasha la Smile Jamaica, kisha akaondoka kisiwani. London ikawa makao yake, na huko ndiko albamu ya Exodus ilikokamilishwa. Ilitoka tarehe 3 Juni 1977, katikati ya maonyesho ya Rainbow.

Tamasha

Filamu haina mahojiano wala msimulizi. Ni jukwaa, taa na wanamuziki, na kamera haina haraka ya kuhama. Aston “Family Man” Barrett anapiga besi akiwa karibu hatikisiki. Mdogo wake Carlton yuko kwenye ngoma, Tyrone Downie kwenye kinanda, Junior Marvin kwenye gitaa na Alvin “Seeco” Patterson kwenye ngoma za mkono. Upande wa waitikiaji wapo I Threes: Rita Marley, Marcia Griffiths na Judy Mowatt. Hao watatu wanastahili kutazamwa peke yao, kwa jinsi wanavyojibu kila anachorusha Marley bila kumwangalia.

Sehemu nzito zaidi ni wimbo wa War. Maneno yake yametolewa katika hotuba ya Haile Selassie mbele ya Umoja wa Mataifa, tarehe 4 Oktoba 1963, iliyozitaja Angola, Msumbiji na Afrika Kusini. Kufikia 1977 Angola na Msumbiji zilikwisha kujitawala, lakini Rhodesia ilikuwa vitani na ubaguzi wa Pretoria ulikuwa palepale. Marley anaimba kama mtu asomaye habari za asubuhi hiyo. Baadaye zinafuata No Woman No Cry, Jamming, Get Up Stand Up na mwisho Exodus, ambayo bendi inairefusha kwa makusudi huku Marley akirukaruka, nywele zikimfunika uso.

Mtazamaji wa leo anajua jambo ambalo ukumbi haukulijua. Wakati wa maonyesho hayo Marley alikuwa na jeraha la kidole cha mguu, alilolipata katika mpira. Mwezi Julai madaktari waligundua saratani ya ngozi. Alikataa kidole kikatwe chote, na ziara ya Marekani ikafutwa. Alifariki Miami tarehe 11 Mei 1981, akiwa na miaka 36. Kwa sababu hiyo ni vigumu kuitazama miguu yake katika filamu hii kwa moyo mwepesi.

Ukumbi

Jengo lilifunguliwa 1930 kama sinema ya Astoria, likaitwa Rainbow kuanzia 1971, likafunga milango kwa muziki mwanzoni mwa miaka ya 1980.

Katika Maziwa Makuu

Barani Afrika Marley alipiga katika nchi mbili tu, zote mwaka 1980: Gabon mwezi Januari, na Zimbabwe mwezi Aprili, uwanja wa Rufaro, kwenye sherehe za uhuru. Ethiopia alifika 1978 na kutembelea Shashamane, ila si kwa tamasha. Kwa hiyo mpenzi wa reggae wa Gisenyi, Kampala au Mwanza aliyetaka kumwona akipiga hakuwa na njia ila mkanda wa video. Tanzania Bara yenyewe ilikaa bila kituo cha televisheni hadi 1994.

Mbugangari, mtaa wa Gisenyi nchini Rwanda ulio jirani na kivuko cha mpaka cha Petite Barrière na mtaa wa Birere wa Goma, Kongo, ni mfano wa mahali ambapo filamu ya namna hii haikwamishwi na lugha. Huko Kinyarwanda, Kiswahili, Kifaransa na Kilingala hukutana njiani pamoja na watu wanaovuka mpaka na mizigo. Sinema za mapigano za Hong Kong na za Kihindi huhitaji mtu wa kuzieleza: Rwanda zinaitwa agasobanuye, Uganda wapo maviijei, Kenya yupo DJ Afro. Tamasha halimhitaji mtu huyo, na akijaribu kupaza sauti juu ya besi ya Family Man atakuwa ameharibu kila kitu.



Hali ya sasa

Toleo la DVD lilitoka 2005. Filamu ya maigizo Bob Marley: One Love ya 2024, ambamo Kingsley Ben-Adir anamwigiza Marley, inahusu kipindi hichohicho cha 1976 hadi 1978. Family Man alifariki tarehe 3 Februari 2024. Ukumbi wa Rainbow sasa ni kanisa la Universal.