Kichwa cha Makala na Mipaka ya Utafiti

Kichwa ndicho sehemu ya makala ya kitaaluma inayosomwa na watu wengi zaidi. Anayetafuta marejeleo katika fahirisi ya jarida au katika Google Scholar hupitia safu ya vichwa, akaamua papo hapo afungue makala ipi na aache ipi. Kwa hiyo kichwa kinawajibika kwanza kutaja kilichochunguzwa na utafiti ulipoishia. Madoido ya lugha ni ya baadaye.

Udhaifu uliozoeleka katika makala za Kiswahili ni kuahidi makubwa kabla ya nukta pacha, kisha kuyapunguza baada yake. Kichwa cha namna hiyo kingesomeka: "Uchunguzi wa Majina ya Watu katika Pwani ya Afrika Mashariki: Mfano wa Waswahili wa Lamu". Anayeshughulikia Kilwa huvutwa na nusu ya kwanza, akafika ya pili na kukuta Kilwa haimo. Neno "uchunguzi" nalo limekaa bure, maana makala isiyochunguza lolote haina nafasi katika jarida. Ikiwa kilichobainika ni kwamba wajukuu hupewa majina ya babu na bibi zao, "Kurithisha Majina ya Babu na Bibi Lamu" kinatosha: jambo limetajwa, na mahali pia.

Neno "athari" linataka tahadhari kubwa zaidi. Hudai kwamba jambo moja limesababisha jingine, na dai hilo halithibitishwi kwa hojaji iliyojazwa mara moja. Kwa mfano, aliyewauliza walimu wanazionaje simu za mkononi shuleni amechunguza mitazamo yao, wala si ufaulu wa wanafunzi. Wahakiki makini huanzia hapo kuitilia shaka makala nzima.

Kuhusu urefu, toleo la sita la mwongozo wa uandishi wa Chama cha Saikolojia cha Marekani (APA) lilishauri maneno yasizidi 12. Toleo la saba halikuweka kikomo. Utafiti wa mwaka 2015 uliohusisha makala 140,000 ulionyesha kuwa majarida yanayochapisha makala zenye vichwa vifupi hurejelewa zaidi, ingawa uhusiano huo hauthibitishi kwamba ufupi ndio chanzo.

Kichwa cha swali hufaa pale jibu linapokuwepo. Makala ya Einstein ya mwaka 1905 iliyozaa mlinganyo wa E = mc² iliuliza kama inesha ya kitu hutegemea nishati iliyomo ndani yake, nayo ikajibu. Methali, zinazopendwa sana na wanafasihi, hupendeza machoni lakini hazimsaidii anayetafuta kwa maneno ya mada; zikitumika, sehemu inayofuata ilitaje jambo waziwazi.

Kichwa cha kuanzia kazi ni cha muda tu. Cha mwisho hupatikana hitimisho likishaandikwa: tokeo kuu huwekwa katika sentensi moja, kisha sentensi hiyo hupunguzwa hadi libaki jambo lenyewe na mahali pake. Maneno yaliyobaki yasipoonekana katika ikisiri, kimojawapo kati ya kichwa na ikisiri hakina budi kuandikwa upya.