Wayeye wa Unyamwezi na elimu ya kuishi na nyoka kwa usalama

SEHEMU kubwa ya Mkoa wa Tabora imefunikwa na misitu ya miombo. Kilimo cha tumbaku, ufugaji wa nyuki na uchungaji wa ng'ombe, ambazo ndizo shughuli kuu za wakazi wake, huwakutanisha na nyoka mara kwa mara.

Hali hiyo haikuanza leo. Katika karne ya 19, wapagazi wa Kinyamwezi walitembea kwa miguu katika njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo, kupitia Tabora hadi Ujiji, wakilala porini na kuokota kuni gizani. Ni jambo lisiloshangaza kwamba ni katika ukanda huu ulipostawi ujuzi wa jadi wa kushika nyoka na kutibu walioumwa.

Wenye ujuzi huo huitwa Wayeye, au Bayeye kwa lugha za wenyeji, na chama chao hujulikana kwa jina la Buyeye. Habari zao ziliandikwa na Mmarekani Frederic Carnochan, aliyefika Tanganyika mwaka 1926 pamoja na msafara wa kukusanya wanyama, na baadaye na Hans Cory, aliyechapisha utafiti wake kuhusu chama hicho mwaka 1946.

Kwa mujibu wa maandishi hayo, Wayeye walikuwa na miiko, ngazi za uanachama na mafunzo ya kutambua nyoka na mitishamba. Mwanachama alichanjwa ngozi na kupakwa dawa iliyochanganywa na sumu ya nyoka, kwa imani kwamba mwili ungezoea sumu hiyo. Ngoma za nyoka zenye asili ya vyama vya aina hii huonekana hadi leo Usukumani, yakiwamo maonyesho ya Makumbusho ya Wasukuma ya Bujora, nje kidogo ya Jiji la Mwanza.

Chanjo ya jadi na seramu ya hospitali

Wazo la kuuzoesha mwili sumu kidogo kidogo halipingani moja kwa moja na sayansi. Katika miaka ya 1890, mtaalamu wa Ufaransa, Albert Calmette, alitengeneza seramu ya sumu ya nyoka kwa msingi unaofanana na huo. Hadi leo farasi hudungwa sumu kwa kiasi kidogo, mwili wake hutengeneza kinga, kisha kinga hiyo huchujwa kutoka katika damu yake na kupewa mgonjwa kwa njia ya mshipa.

Tofauti kubwa ipo katika vipimo. Seramu hupimwa nguvu zake na hulenga nyoka wanaojulikana. Chanjo ya jadi haina kipimo, na sumu za nyoka hazifanani. Aliyezoea sumu ya kifutu hana kinga dhidi ya sumu ya koboko. Kwa sababu hiyo, mtu aliyechanjwa akiumwa anapaswa kuwahi hospitali sawa na mwingine yeyote.

Nyoka wa kuwafahamu

Kifutu ni mnene, mzito na mwenye rangi zinazofanana na majani makavu. Hakimbii anaposikia hatua za mtu, bali hutulia, na ndiyo maana wengi humkanyaga. Sumu yake husababisha uvimbe mkubwa, maumivu makali na kuoza kwa nyama.

Fira, ambaye pia huitwa swila, hutanua shingo anapotishwa. Fira mwenye shingo nyeusi hutema sumu akilenga macho, na huuma pia.

Koboko ni mrefu, anaweza kuzidi meta tatu, na sumu yake hushambulia mishipa ya fahamu. Kope huanza kulegea, kumeza kunakuwa kugumu, na pumzi inaweza kukatika ndani ya saa chache.

Yupo pia nyoka wa mitini aitwaye kitaalamu Dispholidus typus, mwenye macho makubwa, ambaye sumu yake huzuia damu kuganda. Dalili zake huweza kuchelewa kwa saa nyingi, hivyo mgonjwa asiruhusiwe kurudi nyumbani kwa kuwa tu anajisikia vizuri.

Chatu hana sumu, ila huua mawindo kwa kuyabana, na meno yake huacha majeraha makubwa. Aidha, kinyonga, kenge na mijusi wa Afrika Mashariki hawana sumu ya kumdhuru binadamu, pamoja na yote yanayosimuliwa kuwahusu.

Kumshika nyoka

Kanuni ya kwanza ni kutomshika bila sababu na bila mafunzo. Watu wengi huumwa wakijaribu kumuua au kumkamata nyoka ambaye angejiondokea mwenyewe.

Wataalamu hutumia fimbo yenye kulabu, kibano kirefu na mfuko imara, na hawafanyi kazi hiyo peke yao. Mwili wa nyoka huegemezwa sehemu mbili ili uti wa mgongo usiumie. Kumning'iniza kwa mkia au kumbana shingo kwa nguvu humjeruhi na kumchokoza zaidi.

Nyoka aliyekufa naye asishikwe kwa mkono. Hata kichwa kilichokatwa huweza kuuma kwa muda fulani.

Baadhi ya wachezesha nyoka duniani huwang'oa meno ya sumu. Kitendo hicho ni ukatili, kwani kinywa huoza na nyoka hushindwa kula. Ni hatari pia kwa mchezaji, kwa kuwa meno mapya huota tena.

Afya ya nyoka anayefugwa

Kumiliki mnyamapori nchini Tanzania kunahitaji kibali chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Namba 5 ya mwaka 2009. Nyoka, kobe na kinyonga wamo. Kwa wenye bustani za maonyesho na vikundi vya ngoma vilivyoruhusiwa, yapo mambo ya kuzingatia.

Joto la mwili wa nyoka hutegemea mazingira. Akikosa sehemu yenye joto hawezi kumeng'enya chakula, na akikosa kivuli hufa kwa joto. Anahitaji vyote viwili, pamoja na maji safi na mahali pa kujificha.

Asishikwe kwa takriban siku mbili baada ya kula, kwani atatapika. Ni vyema apewe mawindo yaliyokwisha kufa, kwa kuwa panya hai humng'ata nyoka asiye na njaa.

Dalili za ugonjwa ni kupumua kwa mdomo wazi, mapovu puani, fizi nyekundu zenye usaha, utitiri kati ya magamba, na kujivua gamba vipande vipande. Gamba lililobaki juu ya jicho lisibanduliwe kwa kucha. Nyoka mgeni atengwe kwa mwezi mmoja au zaidi kabla ya kuchanganywa na wengine.

Kobe naye asipewe ivamektini, dawa ya minyoo na kupe inayotumika sana kwa ng'ombe na mbuzi, kwa kuwa humuua.

Reptilia hubeba vimelea vya salmonela bila kuugua. Kila anayewagusa anawe mikono kwa sabuni, na watoto wa chini ya miaka mitano wasiwaguse kabisa.

Nyumbani na shambani

Kuni zinazorundikwa kando ya mabani ya tumbaku ni maficho mazuri ya nyoka. Ziguswe kwanza kwa fimbo kabla ya kubebwa. Mfuga nyuki akague mti na mzinga wa gogo kabla ya kupanda. Buti, tochi usiku, nafaka iliyofungwa vizuri isivute panya, na kulala kitandani ndani ya chandarua kilichochomekwa chini ya godoro hupunguza hatari kwa kiasi kikubwa.

Mtu akiumwa

Aondolewe mahali penye nyoka, atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu. Kiungo kilichoumwa kisitikiswe. Kifungwe kwenye ubao kama kilichovunjika. Aandikiwe saa aliyoumwa, kisha apelekwe hospitali bila kutembea mwenyewe.

Asichanjwe, asinyonywe jeraha, asifungwe kamba ya kukaza, na muda usipotezwe kwa jiwe jeusi. Kamba hukata damu, na wengi wamekatwa miguu kwa sababu yake. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi safi kwa dakika 15 hadi 20.

Hospitalini, mtoto hupewa kipimo kilekile cha seramu kama mtu mzima, kwani kinachopimwa ni sumu iliyoingia na wala si uzito wa mwili. Seramu huweza kuleta mzio mkali, hivyo haifai kudungwa nyumbani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu kati ya 81,000 na 138,000 hufa kila mwaka kwa kuumwa na nyoka. Mwaka 2017 liliiweka ajali hiyo katika orodha ya magonjwa yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 likaweka lengo la kupunguza vifo na ulemavu kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Hata hivyo, seramu ni ghali na watengenezaji ni wachache. Kampuni ya Sanofi ya Ufaransa iliacha kutengeneza seramu yake ya Afrika mwaka 2014, na akiba ya mwisho ikaisha muda wake mwaka 2016.

Kwa hiyo, anayeishi au kufanya kazi porini aulize mapema ni hospitali ipi ya wilaya yake yenye seramu, na ni usafiri gani utapatikana usiku. Waganga wa jadi wanaoheshimiwa vijijini wana nafasi yao pia. Aliyeumwa mara nyingi hufika kwao kwanza, na neno lao moja la kumhimiza awahi hospitali laweza kuokoa maisha yake.